Mama alikuwa na kadi, mwana alikuwa na jina

Asubuhi ya Novemba 27, 2024, mama mmoja wa Kifaru, chini ya milima ya Upare, alipiga pasi kitenge chake, akatia kadi ya mpiga kura kwenye pochi. Ilikuwa siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Mwanawe, aliyekuwa ametimiza miaka 18 miezi michache tu nyuma, alimsubiri mlangoni.

Mwezi uliotangulia, kijana alipoaga kwenda kujiandikisha, mama alimjibu kwa mkato: "Siasa zitakupa ugali? Nenda shamba kwanza."

Bibi ndiye aliyemtetea. Alimsimulia habari za mbiru, kodi iliyowakera Wapare miaka ya 1940. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka milimani hadi Same, yalipokuwa makao ya wilaya, wakakaa huko kuipinga. Baadaye wanawake nao walijitokeza. Mwishowe kodi ikafutwa.

"Wale hawakuwa na kura, walikuwa na miguu tu," bibi alisema. "Wewe kura unayo, halafu ulale?"

Kijana akaenda kujiandikisha.

Siku ya kupiga kura jina lake lilikuwemo. La mama halikuwemo. Alionyesha kadi yake, akaelezwa kwa upole kwamba ile ni ya Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, linalotumika kumchagua rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa kijiji na kitongoji una orodha yake, na uandikishaji ulifanyika Oktoba 11 hadi 20. Mama akaketi chini ya mti, akamtazama mwanawe kwenye foleni. Uchaguzi kama ule hufanyika kila baada ya miaka mitano.

Wapo watakaosema hakupoteza kitu. Ni kweli kwamba mwaka ule vyama vya upinzani vililalamika kuwa wagombea wao wengi walienguliwa. Kijana akiuliza, "Sasa nachagua nini?" anastahili kujibiwa, si kufokewa.

Jibu moja liko karibu na nyumbani. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Hapo ndipo mtu anapouliza kwa nini bomba halitoi maji, au kwa nini zahanati haina dawa. Kijana aliyefundishwa nyumbani kwamba mambo hayo hayamhusu, hata hapo atakaa kimya.

Desemba, zamu ya Kilimanjaro kuboresha Daftari la Kudumu ilipofika, mama ndiye aliyemwamsha mwanawe. Kadi yake ya zamani ilikuwa bado inafaa, lakini alimsindikiza hadi kituoni.

Mzazi mwenye kijana anayekaribia miaka 18 anaweza kuanza na mambo matatu. Mweleze kwamba madaftari ni mawili, na kila moja lina tarehe zake. Nenda naye kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, asikie watu wazima wakiuliza na wakijibiwa. La tatu ndilo gumu kwa wengi wetu: usimchagulie chama. Msindikize hadi kwenye foleni, kisha umwache aingie peke yake.