Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii, iliyozaliwa katika biashara, yatufaa pia sisi wanafunzi wa fasihi ambao siku hizi twahesabu maneno ya riwaya kwa kompyuta.

Katika likizo yangu nyumbani Londiani, Kaunti ya Kericho, niliazimia kuisafisha programu ya kuchanganua matini niliyoirithi kutoka kwa wanafunzi walionitangulia. Imeandikwa kwa lugha ya Python, na ina faili nyingi mno. Kila faili huanza kwa kauli za kuleta moduli, yaani kutaja mahali ambapo kazi fulani itakopwa. Kila aliyepita aliongeza kauli zake; hakuna aliyeondoa.

Kauli zenye hatari zaidi ni zile za alama ya nyota, ambazo huleta majina ya moduli kwa jumla bila kuyataja. Katika faili moja, moduli mbili zilileta jina lile lile, "shina". Katika Python, jina linaloletwa baadaye hulifunika lililotangulia bila onyo lolote. Hivyo basi, kanuni ya vitenzi ilifunikwa na ile ya nomino, nalo neno "walisoma" likavuliwa kiambishi "wa-" tu, likatoa "lisoma" badala ya "soma". Majedwali ya tasnifu yangekuwa uongo mtupu.

Dawa yake yafahamika. Mwongozo uitwao PEP 8, wa mwaka 2001, waelekeza kauli hizo zipangwe katika makundi matatu: maktaba ya Python yenyewe, maktaba za watu wengine, kisha moduli za mradi. Nilizipanga hivyo, nikataja kila jina, nikafuta yasiyotumika.

Hata hivyo, moduli nyingine hufanya kazi kwa kule kuletwa tu, ingawa jina lake halitajwi tena. Kwa hiyo nilifuta moja moja, nikiijaribu programu kila mara. Wapogoaji wa chai hapa Kericho hukata matawi ili kichaka kichipue, mizizi hawaing'oi.

Msomaji mpenzi, msomi hulazimika kutaja alikokopa wazo. Mwandishi wa programu naye ana deni hilo hilo, kwani kesho mwanafunzi mwingine atairithi kazi yake na kuijengea hoja.