Jua la bonasi Minneapolis: Mimi, mbwa mzee na kindi uani

UKIMWONA mtu wa Majuu anashangilia jua, usimcheke. Sisi kwetu Bongo jua tunalikimbia, tunagombania kivuli cha mwembe. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipokaa Minneapolis, jimbo la Minnesota, mwaka 2020.

Basi bwana, Oktoba 20 mwaka ule ikadondoka theluji ya zaidi ya inchi 7. Nikasema ndiyo imetoka hiyo, tumefungiwa mpaka Aprili. Changanya na Corona, si mchezo! Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mwenye mbwa mzee anayeitwa Buster. Tangu Machi mama huyo hakuwa amewakumbatia wajukuu zake. Mimi na yeye tulisalimiana ngazini, barakoa usoni kama majambazi.

Wiki ya kwanza ya Novemba mambo yakageuka. Hewa ya joto ikaja kutoka kusini, siku kadhaa mfululizo ikapita nyuzi 70 za Farenhaiti, yaani kama 21 za kwetu. Msomaji wa Dar, wewe hapo ungevaa sweta. Kule watu walitoka na kaptula! Ziwa Bde Maka Ska likazungukwa na baiskeli, watoto na mbwa kibao, utadhani Coco Beach Jumapili. Wapo wanaokiita kipindi hicho kiangazi cha pili. Mimi nilikiita bonasi.

Mama mwenye nyumba akanigongea: "Njoo ukae nje, jua hili halina kesho." Tukaweka viti uani, kila mtu kona yake.

Nikiri, Buster nilikuwa namwogopa. Kwetu mbwa anaitwa Simba, analala nje, kazi yake kung'ata wezi. Huyu analala kwenye zulia na ana daktari wake! Siku ile akajikokota na magoti yake mabovu, akajibwaga kwenye majani makavu niliyotoka kuyakusanya kwa reki, kichwa akakiweka juu ya kiatu changu. Nikaganda. Baada ya nusu saa nikajikuta namkuna masikio.

Sinema yenyewe ilikuwa ya kindi. Kindi wa kijivu halali msimu mzima wa baridi, anaishi kwa akiba. Basi anafukia kokwa za mwaloni moja moja, huku na kule, kabla ardhi haijaganda. Baadaye anazitafuta kwa kukumbuka na kunusa, na zile anazozisahau nyingine huota miti. Boga la Halloween mlangoni nalo walilitoboa mchana kweupe. Buster anainua jicho moja, anabweka mara moja kwa heshima ya kazi, analala tena.

Juu wanapita bata bukini wakielekea kusini, kelele kama wapiga debe wa Kariakoo. Ndege mwekundu anayeitwa kardinali yeye haendi popote, baridi yote anaila pale pale. Paka wa jirani katolewa nje kafungwa kamba kama mbuzi wa Idi, maana paka akiachiwa ndege watakwisha.

Kilichonishangaza ni kumwona mama anampekua Buster manyoya. Kumbe anatafuta kupe! Joto likirudi, hata Novemba, kupe wa kule wanatoka, na wapo wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme kwa watu na mbwa. Ikabidi na mimi nikague soksi.

Jumamosi wajukuu wakaja, wakakaa upande wa pili wa ua. Hakuna kushikana. Ila Buster alikuwa anachechemea kutoka kwao kwenda kwa bibi yao na kurudi, na kila alipofika anashikwa kichwa. Mama akacheka huku anafuta macho: "Angalau salamu zinafika." Saa zilikuwa zimerudishwa nyuma Novemba 1, kwa hiyo ilipofika saa 11 jioni jua limeshazama. Lakini hakuna aliyetaka kuondoka.

Wiki iliyofuata baridi ikarudi na hasira zake. Buster hakuliona joto jingine, alikufa Februari. Mama alinionyesha picha ya siku ile: mbwa kalala, kiatu changu chini ya kidevu chake.

Basi msomaji, jua lako la leo usilitukane sana. Toa kiti, kaa nje kidogo. Na ukipita mbwa wa watu, acha jiwe chini. Tukutane wiki ijayo!