Swali Limepelekwa Tallahassee

Zamani jaji wa mahakama ya shirikisho kule Marekani akikwama kwenye sheria ya jimbo alikuwa na njia mbili, na zote ziliumiza. Tangu hukumu ya Erie ya 1938 alibanwa kuifuata sheria hiyo kama mahakama za jimbo zinavyoisoma, hata pale ambapo hazijawahi kuisoma. Basi alikisia, na pengine miaka michache baadaye jimbo likaamua kinyume. Njia ya pili ilitokana na kesi ya Pullman ya 1941, iliyohusu wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala huko Texas: kusimamisha kesi na kuwaambia wenyewe waende wakaanze upya katika mahakama ya jimbo, ngazi kwa ngazi, ada juu ya ada.

Florida ilitunga sheria ya njia ya tatu mwaka 1945. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iandike swali, Mahakama ya Juu ya Florida ijibu, kesi iendelee. Sheria ikakaa kabatini hadi 1960, Jaji Felix Frankfurter wa Mahakama ya Juu ya Marekani, kule Washington, alipoikumbusha katika kesi ya bwana Clay.

Clay alikata bima ya mali zake Illinois, akahamia Florida, na majira ya baridi ya 1954 kuingia 1955 akapata hasara aliyosema imeletwa na mkewe. Hati ilikinga dhidi ya hatari zote. Je, mke wa mwenye bima ni mojawapo? Tena kampuni ilidai amechelewa, kwani hati ilimpa miezi 12 tu ya kushtaki, kikomo ambacho sheria ya Florida ilikikataa. Washington ikasema waulizwe Florida kwanza. Florida ikajibu 1961, na jibu lilimfaa Clay. Mahakama ya rufaa ikamwangusha kwa hoja ya katiba. Alishinda 1964.

Nilipoanza ukarani katika ofisi ya mawakili huko Florida, wazee wa kazi walitusimulia kesi hiyo kwa fahari, nasi tukaipokea hivyohivyo. Hakuna aliyehesabu miaka. Nilipenda hata sura ya zile amri za kupeleka swali: ukurasa wa mwisho una swali la mistari michache, na chini yake maneno ya adabu kwamba majaji wa jimbo wasijifunge na namna swali lilivyoandikwa. Kisha jalada zima na hoja za pande zote hutumwa Tallahassee, iliko Mahakama ya Juu ya Florida. Mteja akipiga simu kuuliza ameshinda au ameshindwa, tulimjibu kwamba swali limepelekwa. Tuliliona jibu la kutosha kabisa.

Siku hizi karibu kila jimbo lina utaratibu huu, na Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe huwahimiza majaji wautumie. Mwaka 2016 polisi mmoja aliumizwa na kitu alichorushiwa kwenye maandamano Baton Rouge. Aliyerusha hakujulikana, basi polisi huyo akamshtaki DeRay Mckesson, akidai kuwa ndiye aliyeongoza maandamano hayo. Novemba 2020 Washington ikaagiza Louisiana iulizwe kwanza kama sheria yake inakubali dai la namna hiyo. Jibu lilitoka 2022: inakubali. Mahakama ya rufaa ikarudi kwenye hoja ya katiba, na Aprili 2024 Washington ikakataa kuisikiliza kesi tena.

Kwa kesi kama hiyo, inayogusa haki ya kila atakayeitisha maandamano, sina ugomvi na kungoja. Lakini wengi waliopiga simu kwetu walikuwa na paa lililong'olewa na kimbunga na kampuni ya bima isiyotaka kulipa. Hao ningependa wampate jaji wa zamani, akisie na kutoa hukumu. Akikosea, jimbo litasahihisha kwa ajili ya watakaofuata, na mwenye paa atakuwa ameshajua kama anaezeka kwa fedha za bima au kwa mkopo.