Eti maji hayabanwi?

Mwezi ujao naenda kufundisha kwa vitendo, kidato cha pili, na kwenye madesa kuna kitu kinanikera: eti vimiminika havibanwi. Kwa jeki ya gari sawa. Ila chini kabisa ya bahari kule Mariana, karibu kilomita 11, presha inapita mara 1,000 ile ya hewa yetu, na maji hujibana kama asilimia 5.

Yanajibana wapi? Kila molekuli ya maji imeshikana na majirani kama wanne, na kati yao kuna nafasi. Fikiria chumba cha hosteli cha watu wanne. Presha ikipanda, wale wanne hawahami. Wa mbali ndio wanasogea na kujipenyeza kwenye nafasi, kama wale wa kubebwa (mnajuana!).

Utamu uko kwenye mtetemo. Oksijeni na hidrojeni zinacheza kama zimeungwa kwa springi. Wataalamu hupiga maji mwanga wa leza kwa mbinu ya Raman, iliyogunduliwa 1928, na huona presha ikizidi mtetemo huo unapungua kasi kidogo, kwa kuwa jirani aliyesogea anaivuta hidrojeni upande wake. Kwenye joto la kawaida, fika presha mara 10,000 hivi, maji yanakuwa barafu bila friji!

Sasa mtihani unataka "havibanwi". Mimi nitawaambia madogo "hubanwa kidogo sana", halafu nieleze kwa nini. Mliokwisha kwenda, msahihishaji ataelewa au nitawaponza watoto wa watu?