Uzito wa Kusimama na Uzito wa Kutembea

Anayetaka kulala juu ya pickup yake huanza na hema. Si ajabu, maana hema ndilo linaloonekana: lina godoro, madirisha ya wavu na ngazi, na ndilo litakalopigwa picha jangwani Chalbi jua likichomoza. Keria ya kulibeba huja mwisho, kwa pesa zilizosalia. Mimi na kaka yangu tulipoanza kuitayarisha Hilux ya double cabin kwa safari ya Loiyangalani, tulikubaliana kuanzia chini kwenda juu, na vyuma vile vimenifunza mengi.

Watengenezaji wa keria hutaja viwango viwili vya uzito: ule ambao keria inaweza kuubeba gari likiwa limesimama, na ule inaoweza kuubeba gari likitembea. Cha pili ni kidogo sana, mara nyingi nusu ya cha kwanza au chini ya hapo. Hema la watu wawili huwa na kilo 50 hadi 80. Usiku, gari limetulia, watu wazima wawili na matandiko yao huongeza kilo 150 au zaidi, na chuma hakilalamiki. Asubuhi watu wanashuka, hema linafungwa, mzigo unapungua zaidi ya nusu, na hapo ndipo hatari inapoanza. Gurudumu likitumbukia shimoni na kuibuka, kilo 60 zinaweza kuyalemea maungio kwa uzito wa mara mbili au zaidi, kisha ziyaachilie, kisha ziyalemee tena, mara elfu na elfu kabla ya chakula cha mchana. Chuma hapo hakivunjiki kwa kuelemewa mara moja, kinachoka. Ufa mwembamba huanzia kando ya mahali palipochomelewa, ukajificha chini ya rangi.

Tangu nilipolielewa jambo hilo, nawatazama watu wangu kwa jicho jingine. Siku ya mazishi ukoo mzima hujaa uani, sufuria ziko motoni, na mfiwa anasimama wima akipokea mikono. Tunarudi makwetu tukisema mama yule ni imara. Kisha zinakuja wiki za karo, za shamba lisilolimwa, za mtoto anayeuliza swali lilelile kila usiku, na sisi hatupo tena. Akija kulia kwa sababu ya gunia la mahindi lililoota ukungu, tunashangaa. Tulimpima akiwa amesimama. Safari yake ilikuwa haijaanza.

Karakana tuliyoichagua iko Kariobangi Light Industries, ya fundi mzee anayechomelea keria na mageti. Kabla ya kupima chochote, alimwambia kaka yangu apandishe gurudumu moja la mbele juu ya ukingo wa mtaro. Mimi akaniweka kati ya kebini na bodi ya nyuma, akaniambia niingize vidole katika ile nafasi iliyopo. Gari likiwa tambarare, vidole viwili viliingia bila shida. Gurudumu lilipopanda, nafasi ya juu upande wangu ikabana mpaka nikavitoa.

"Unaona, mwanangu," akasema. "Hivi ni vyumba viwili juu ya chesisi moja, na kila kimoja kinacheza kivyake. Ukivifunga pamoja kwa juu, kimoja kitararua kingine."

Ndiyo maana keria ya pickup husimama juu ya bodi peke yake, na hema likipita juu ya kebini halifungwi hapo. Mimi na kaka yangu tumejenga kwenye shamba moja la baba, na wazee walitushauri tuache njia kati ya nyumba na nyumba. Nilimtazama kaka akiwa kwenye usukani, nikajua naye amekumbuka.

Kuhusu chuma au alumini hatukubishana sana. Alumini ni nyepesi na haili kutu kama chuma, lakini ikipasuka mbali na mji inahitaji gesi ya argoni na mkono wa mtaalamu. Chuma kinachomelewa na fundi yeyote mwenye jenereta na vijiti vyake. Tulichagua bomba za mraba za chuma, tukikubali kwamba uzito wake unakula sehemu ya mzigo wetu.

Kimo ndicho kilichotuchukua muda. Keria ndefu inaacha nafasi ya madebe ya maji na masanduku chini yake, lakini inalipandisha hema juu ya kebini, likapigwa na upepo njia nzima na kulifanya gari liyumbe kwenye kona. Na Loiyangalani si mahali pa kudharau upepo: mitambo 365 ya umeme wa upepo ya Ziwa Turkana imesimikwa upande huo kwa sababu upepo unavuma kwa nguvu, kutoka kusini mashariki, hata usiku. Tulikata keria iwe chini kidogo ya paa la kebini, tukachukua hema la ganda gumu linalofunguka kama kabari, ili mgongo wake wa chini uelekezwe kwenye upepo. Lilisogezwa mbele kadiri ilivyowezekana, kwa kuwa mzigo ukizidi nyuma ya ekseli usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Madebe mawili ya maji yalibaki nyumbani.

Fundi aliweka sahani nene za chuma chini ya kila boliti, maana bati la bodi ni jembamba na boliti peke yake ingelitoboa. Alipomaliza alimkabidhi kaka yangu spana moja, namba kumi na saba. Akamwambia akifika Laisamis, kabla hajaiacha lami, azime gari na kukaza nati zote, kisha azikaze tena baada ya kilomita hamsini za changarawe, hata kama hasikii chochote kikilia.