Mwaga Mfuko Wote wa Dawa Mezani

Wacha niseme kitu kitakachowakera wenye maduka kadhaa hapa Kiwanjani: mtu akikupea dawa bila kukuuliza swali hata moja, hajakuhudumia. Amekuuzia tu, vile angekuuzia sukari.

Sisi vijana ndio hutumwa kemisti, so hii inatuhusu. "Kimbia uniletee ya magoti." Unafika, unasema "ya magoti", unapewa diclofenac kwa kikaratasi, unalipa na M-Pesa, umetoka. Hakuna mtu ameuliza dawa ni ya nani, ana miaka mingapi, ama anameza nini kingine.

Kwetu hiyo ya magoti ni ya akko, nyanya yangu. Ana presha na sukari. Dawa zingine anapewa hospitali, zingine shangazi hutuma kutoka Nairobi, zingine ni za hapa mtaani. Kila anayempa dawa anaona kipande chake tu. Mwaka jana mfamasia mmoja akamwambia arudi na kila kitu anachomeza. Nikambebea mfuko, tukaumwaga mezani.

"Akko, hizi zote unameza?"

"Zote, mwanangu. Si nilipewa?"

Pakiti mbili zilikuwa na majina tofauti na rangi tofauti, lakini ndani ni amlodipine ile ile. Yaani dozi mara mbili kila siku. Halafu ile diclofenac: dawa za familia yake, pamoja na ibuprofen, zinaweza kupandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa za presha. Ukizichanganya na losartan na dawa ya kukojosha maji, kama alivyokuwa akifanya akko, figo ziko hatarini. Mfamasia hakubadilisha chochote kivyake. Alimpigia daktari, wakakubaliana, kisha akamwandikia akko orodha moja: dawa gani, saa ngapi, ya nini.

Hiyo ndiyo kazi ya mfamasia. Kuhesabu tembe ni sehemu ndogo tu.

Fikiria pia Ramadhani, kwa mji kama Isiolo ambapo wengi wetu tunafunga. Kuna dawa ya sukari inaitwa glibenclamide. Inashusha sukari hata kama hujala. Mzee akiimeza wakati wa daku kama kawaida, sukari inaweza kuanguka saa tisa mchana: jasho, kutetemeka, hata kuzimia. Nyumbani watu watasema ni njaa. Mfamasia na daktari wanaweza kupanga upya dozi na saa, lakini lazima uwaone wiki kadhaa kabla mwezi uandame, sio siku ya kwanza ya saumu. Na kuna wengine wataambiwa wasifunge, wasikilize.

Disemba 2018 Isiolo ilikuwa kati ya kaunti 4 za majaribio ya afya kwa wote, pamoja na Kisumu, Machakos na Nyeri. Stori kubwa mtaani ilikuwa kama dawa zipo ama hazipo. Ni swali halali, mpaka leo. Lakini dawa ikipatikana, nani anaangalia inafanya nini mwilini mwako ikikutana na zile zingine?

So kabla hujatumwa tena, fanya hivi. Piga picha ya kila pakiti iliyo nyumbani, uende nayo. Kemisti, angalia ukutani kama kuna leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu, na uulize kama mfamasia au mtaalamu wa dawa aliyesomea yuko. Usiogope kuonekana mjuaji. Sema: "Hii ni ya nyanya yangu, ana presha na sukari, anameza hizi. Inaingiana?"

Akikasirika umeuliza, beba pesa zako uende duka lingine. Na mkipata dawa ya kugongana, msiitupe wala kuiacha kivyenu. Rudini kwa daktari na mfuko wote.