Krujë, Mji Uliotunza Amana

Kabla ya safari yangu ya Albania, kijana mmoja wa madrasa yetu aliniuliza swali baada ya darsa la haki za jirani. "Ustadhi, kama jirani huyo si Muislamu, na watu wa kaumu yake wanawadhulumu Waislamu mahali pengine, bado haki yake iko pale pale?" Nilimjibu kwa aya na hadithi. Aliitika kwa adabu, lakini usoni mwake niliona kuwa jibu halijamtua moyoni. Jibu lililomfaa nililikuta Krujë.

Krujë ni mji mdogo wa mlimani, kaskazini ya Tirana, mji mkuu wa nchi ile. Barabara hupanda kwa mizunguko mpaka ngome ya kale ijitokeze juu ya jabali. Chini ya ngome lipo soko la zamani. Njia yake imetandikwa mawe yaliyolainishwa na nyayo za vizazi, na maduka ya mbao yameinamiana pande zote mbili yakiuza mazulia, vyombo vya shaba na kofia nyeupe za sufi. Sokoni hapo upo pia msikiti. Mwaka 1967 serikali ya kikomunisti ilipiga marufuku dini zote na kuifunga misikiti ya nchi nzima, kwa hiyo adhana ya adhuhuri niliyoisikia pale ilinigusa kuliko kawaida.

Nilipanda ngomeni baada ya swala. Upande mmoja unaona tambarare ikishuka kuelekea bahari ya Adriatiki, na upande wa pili ni milima mitupu ya mawe. Ni katika milima hiyo ambamo Refik Veseli, kijana Muislamu wa miaka 17, alipita usiku akiwa na dhamana ya roho za watu.

Refik alikuwa mwanagenzi katika studio ya picha mjini Tirana. Humo alifanya kazi pamoja na Moshe Mandil, mpiga picha Myahudi aliyekimbia Yugoslavia na mkewe Gabriela na watoto wao wawili, Gavra na Irena. Septemba 1943 majeshi ya Ujerumani yaliingia Albania, na kwa Myahudi kupatikana kulikuwa na maana ya mauti. Refik akapendekeza wageni wake wapelekwe kwa wazazi wake huku Krujë. Walisafiri kwa nyumbu wa kubebea mizigo, wakienda usiku kwa njia za panda na kujificha mapangoni mchana.

Wazazi wa Refik, mzee Vesel na Bi Fatima, waliwapokea. Moshe na mkewe walifichwa katika chumba kidogo juu ya zizi. Watoto hawakufichwa: waliachwa wacheze na watoto wa nyumba ile kama ndugu zao. Muda si mrefu Xhemal, ndugu yake Refik, akaleta familia nyingine ya Kiyahudi kutoka Tirana. Wote walikaa hapo mpaka Wajerumani walipoondoka, Novemba 1944.

Hebu tafakari, msomaji mwenzangu. Mtoto humkabidhi siri ya shilingi kumi, akaimaliza kabla ya magharibi. Watoto wa nyumba ile walibeba siri ya roho za watu kwa miezi mingi, wakicheza nayo nje mchana kweupe. Neno moja la mchezo lingetosha kuiangamiza nyumba yote, wenyeji na wageni pamoja.

Waalbania wana neno lao, besa. Ni ahadi ambayo mtu akishaitoa hairudishi, hata ikimgharimu maisha. Nasi tunalo letu, amana. Nyumba ya Mualbania, wao husema, ni ya Mungu na ya mgeni. Naamini Refik hakuhitaji hotuba ili awachukue watu wale. Alikwisha kuona kwao jinsi mgeni anavyopokewa, na ndiyo maana alithubutu kuwapeleka mlangoni kwa baba yake.

Najua wapo watakaoguna, kwa kuwa machungu ya Palestina yamo ndani ya nyoyo zetu, nayo ni machungu ya haki. Lakini Suratul Maida, katika aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu, na aya ya 32 inafananisha kuiokoa nafsi moja na kuwaokoa watu wote. Tusisahau pia kwamba Masahaba walipokimbilia Uhabeshi walihifadhiwa na Najashi, mfalme aliyekuwa Mkristo wakati ule. Dhulma inakataliwa popote ilipo, na mwenye kukimbia kifo haulizwi kaumu yake mlangoni.

Baada ya vita akina Mandil walirudi Yugoslavia, wakamwita Refik akaishi nao na kuendelea kujifunza upigaji picha. Hakukuwa tena na mwenyeji na mgeni. Gavra alipokuwa mtu mzima aliandika habari za waliomwokoa, na mwaka 1987 Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu iliyoko Jerusalem, ikamtambua Refik na wazazi wake. Hao walikuwa Waalbania wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Niliporudi nilimwita yule kijana, nikamsimulia kisa hiki chote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ustadhi, angekuja kwetu, baba angemfungulia?" Swali hilo si langu kulijibu. Nalikabidhi kwa kila mzazi anayesoma ukurasa huu, kwani watoto wetu wanalijibu kila siku kwa kututazama.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe mahali pa amani kwa kila anayebisha hodi kwa hofu. Amin.